Mfupa wa nyuma ya sikio na kifo cha munganga wa mfalme

Gusa kidogo nyuma ya sikio lako. Ule mfupa hauko mugumu wote: ndani kuna vishimo vya hewa, sawa vile sega la nyuki. Sikio likitoa usaha miaka na miaka, ngozi inaweza kuingia ndani, inajikusanya mule kama donge jeupe, na pole pole inakula mfupa mpaka karibu na ubongo. Si kansa, lakini inaua. Jean Cruveilhier aliieleza kule Ufaransa 1829, na 1838 Mjerumani Johannes Müller akaiita kolesteatoma. Alifikiri ni uvimbe wa mafuta, kumbe ni ngozi tu, imeota mahali si pake. Sisi wa agronomia tunajua hiyo: hata muhindi ukiota katikati ya maharagwe ya mwenzako, ni magugu.

Kutoboa mfupa ule kulianza zamani. Jean-Louis Petit, mpasuaji wa Paris, aliufungua karibu 1736, akatoa usaha, mgonjwa akapona. Njia ilikuwa imeonekana tayari.

Sasa 1791, kule Denmark, von Berger, munganga wa mfalme, akaomba wamutoboe. Yeye hakuwa na usaha! Alisumbuliwa na kelele ndani ya masikio na kutosikia vizuri. Siku chache baada ya operesheni, akakufa. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuchagua mgonjwa ambaye dawa hii haikumuhusu, tena wakati ule hakuna aliyejua mambo ya vijidudu. Lakini lawama yote ikaangukia operesheni yenyewe. Waganga wakaogopa, na watu wenye usaha wa kweli, wale Petit angewaokoa, wakaendelea kufa.

Ilibidi kungoja 1873, miaka 82, ndipo Hermann Schwartze na Eysell, kule Halle, Ujerumani, waandike wazi nani apasuliwe na namna gani. Walitumia patasi na nyundo, maana keekee inaweza kuzama bila kujua imefika wapi.

Shida ya kuona ilibaki. Neva inayotembeza uso inapita mule mule. Ukiikata, mdomo unapinda. Hadubini ya kupasulia ya Zeiss ilitoka 1953, kisha skana miaka ya 1970. Dalili ya kwanza, lakini, iko ileile ya wakati wa Petit: usaha wenye kunuka, hauishi hata ukitia dawa, na sikio linazidi kuwa zito.