Ndege Isiyo na Mkia

Mtazamaji wa haraka hudhani kwamba mkia wa ndege ni pambo, na kwamba kazi yote ni ya mabawa. Adhaniye hivyo na aukate, kisha airushe ndege yake: itapinduka na kuanguka. Mkia ndio uishikao ndege. Kwa hiyo historia ya eropleni isiyo na mkia ni historia ya watu waliotafuta mahali pengine pa kuiweka kazi hiyo.

Jibu la kwanza lilitoka msituni. Mbegu ya Alsomitra macrocarpa, mmea utambaao wa kusini-mashariki ya Asia, ina utando mwembamba mfano wa bawa, nayo huelea kwa utulivu. Mwaka 1897 Friedrich Ahlborn wa Ujerumani aliieleza. Igo Etrich wa Austria akaiiga, na mwaka 1906 chombo chake kisicho na mota kikamchukua mtu. Katika Uingereza, J. W. Dunne aliyalaza mabawa kuelekea nyuma akazipotoa ncha zake, zikawa badala ya mkia. Desemba 1910 aliuachia usukani angani akaandika kwenye karatasi, na eropleni yake isiyumbe.

Katika Marekani, John Northrop alikusudia eropleni ya futi 172 toka ncha hata ncha. Kwanza alijenga kielelezo cha futi 60, N-9M. Lakini ndani ya kielelezo hicho aliketi mtu. Mei 1943 kilianguka, akafa rubani Max Constant. Tarehe 5 Juni 1948 YB-49, yenye ukubwa kamili, ilianguka na kuua watu 5. Mmoja wao, Glen Edwards, ndiye ambaye kambi ya Muroc ilipewa jina lake. B-2 iliporuka mwaka 1989, kwa futi 172 zile zile, ilishikwa na kompyuta.

Leo mwanafunzi hukata bawa la mita moja katika povu jeupe gumu, kama lile la masanduku ya kuhifadhia samaki. Hutia betri, mota, kipokezi cha redio, na vimota viwili vya kuendesha vibawa vya ukingo wa nyuma. Vibawa vikipanda pamoja, pua hupanda. Kimoja kikipanda na chenziwe kikishuka, ndege hulala ubavu. Ukingo huo huinuliwa kidogo daima, ili ufanye kazi ya mkia. Mizani ndiyo roho ya kazi: kwa bawa lililonyooka, kitovu cha uzito huwekwa mbele ya robo ya upana wake. Betri ikirudi nyuma upana wa kidole, ndege haishikiki. Ikienda mbele mno, pua huwa nzito.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Naam, povu likivunjika hugundishwa, na jioni ndege huruka tena. Constant na Edwards hawakuwa koleo. Kwa sababu hiyo nakataa kuiita ndege hii ndogo mchezo wa watoto: humfundisha mjenzi somo lile lile, na anayeanguka si mtu.