Majirani wa Bonde la Ufa: Tarehe ya Nchi ya Eyasi, Hanang na Kondoa

Hii ni tarehe ya nchi iliyo baina ya Ziwa Eyasi na mji wa Kondoa, katikati ya Tanzania. Kaskazini yake ziko nyanda za juu za Mbulu na Karatu. Mashariki Babati na ukingo wa Bonde la Ufa. Kusini Kondoa na Chemba. Magharibi Mkalama na Singida. Katikati umesimama Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Serikali imeigawa nchi hii mikoa minne, lakini wenyeji wake wamejuana tangu kabla ya mikoa kuwapo.

Mwanaisimu Joseph Greenberg alizipanga lugha za Afrika katika makundi manne makuu, na yote manne yanakutana hapa. Wairaqw, Wagorowa, Waalagwa na Waburunge husema lugha za Kikushi. Wadatooga husema lugha ya Kiniloti. Warangi, Wambugwe, Wanyaturu, Wanyiramba na Waihanzu husema lugha za Kibantu. Wasandawe na Wahadza husema lugha zenye sauti vidoko. Greenberg aliwaweka katika kundi moja na watu wa Kalahari, lakini watafiti waliokuja baadaye wamekiona Kihadza kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana popote duniani. Swali la tarehe hii ni hili: watu wasioelewana hata neno la salamu waliishije pamoja kwa karne nyingi, kila mmoja akabaki na lugha yake?

Wa kwanza walikuwa wawindaji. Katika pango la Mumba, karibu na Eyasi, wachimbuaji wamekuta zana za mawe za zaidi ya miaka 100,000. Kuanzia Kolo, kaskazini mwa Kondoa, miamba imejaa michoro ya udongo mwekundu: twiga, pofu, swala, na watu wembamba wenye vichwa vilivyopambwa. Mary Leakey na mumewe Louis walinakili michoro hiyo kwa bidii mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza miamba ya Kondoa katika Urithi wa Dunia. Nchi haikuwa tupu hata siku moja, na wote waliofika baadaye walimkuta mwenyeji.

Miaka kama 3,000 iliyopita walikuwapo wafugaji. Mahali paitwapo Luxmanda, kwenye nyanda za juu kusini mwa Mbulu, pamechimbuliwa makazi yao makubwa: vyungu, zana za mifupa, mabaki ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wataalamu wengi huwahusisha wafugaji hao na wasemaji wa kale wa lugha za Kikushi. Kisha wakaja Wabantu na majembe yao, wakalima uwele na mtama. Na kutoka kaskazini wakashuka Waniloti, wazee wa Wadatooga, na makundi yao ya ng'ombe.

Wairaqw wanayo masimulizi ya safari yao wenyewe. Wanasema walikaa Ma'angwatay, wakapigana na Wadatooga wakashindwa, wakahamia Guser Twalay. Kiongozi wao alikuwa Haymu Tipe, na mwishowe walipanda mpaka Irqwa Da'aw, bonde la juu lililozungukwa na misitu na majabali kusini mwa mji wa Mbulu wa leo. Ardhi hapo ilikuwa ndogo, kwa hiyo walijifunza kuitunza: walilaza ng'ombe ndani ya nyumba, wakabeba samadi mpaka shambani, wakapiga matuta, wakagawana maji ya vijito. Nyumba zao walizichimba ubavuni mwa kilima na kuziezeka udongo, hata mvamizi aliyesimama juu yake hakujua kama anakanyaga paa.

Jambo la kuangaliwa kwa makini ni namna walivyompokea mgeni. Nchi ya Wairaqw ilihesabiwa kwa aya, yaani eneo lenye mipaka yake, na kila aya ililindwa kwa tambiko la kuzungusha mnyama mpakani na kumchinja. Kinga ya tambiko hilo ilimfunika kila aliyeishi ndani ya mpaka, bila kuulizwa babu yake alizaliwa wapi. Ndiyo maana koo kadhaa za Wairaqw hutaja waziwazi kwamba chimbuko lao ni Udatooga au kwa majirani wengine. Aliyeingia na kukaa, akalima na kuitii aya, wajukuu zake wakawa Wairaqw.

Wadatooga nao walikuwa na enzi yao. Kabla ya Wamasai walilisha Ngorongoro na nyanda za pembeni yake, mpaka karne ya 19 Wamasai walipowasukuma kusini, kuelekea Eyasi, Hanang na Singida. Wakaifanya Hanang kuwa mlima wao mtakatifu. Mzee aliyestahili heshima kubwa hufanyiwa bung'eda: kaburi lake hujengewa kichuguu cha udongo na miti, na kwa miezi kadhaa koo hukusanyika, hupika pombe ya asali, hutaja matendo yake, mpaka siku ya kumaliza. Malisho yao, kwa hiyo, ni makaburi yao pia. Neno hilo tutalirudia, kwa sababu lilikuja kupuuzwa.

Tarehe haifichi damu. Wadatooga waliteka ng'ombe wa Wanyaturu, Wamasai waliwateka Wadatooga, Wairaqw waliwakimbia wote wawili na kujificha. Lakini anayeandika vita peke yake ameandika nusu tu. Katikati ya uadui huo yalikuwapo mambo matatu yaliyovuka kila mpaka: mvua, chuma na asali.

Mvua ilikuwa na wenyewe. Kolo, penye michoro, ukoo wa Kialagwa ulisifika kwa kuomba mvua, na Warangi, ambao ni Wabantu, walikwenda kuwaomba hao Wakushi wawaombee. Katika pango la Mungomi wa Kolo matambiko yanafanyika hadi leo, chini ya michoro iliyochorwa na watu wa lugha nyingine kabisa. Upande wa magharibi, Kirumi katika nchi ya Ihanzu, watemi wa mvua walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, kwa kuwa Waihanzu waliamini kwamba mvua haiji kwa jinsia moja. Majirani walikwenda huko na sadaka zao pia. Mwaka wa ukame haukumwuliza mtu kabila lake, nayo safari ya kutafuta mvua haikumwuliza.

Chuma kilikuwa kwa Wagidang'odiga, wahunzi wa Kidatooga, wanaooana wao kwa wao na kuishi pembezoni mwa wafugaji. Walifua mikuki ya Wadatooga, bangili za wanawake, na vyembe vya mishale ya Wahadza. Mhadza hafui chuma kwa kuyeyusha mawe. Alipata chembe au msumari kwa kubadilishana, akauponda mwenyewe kwa umbo alilotaka. Malipo yake yalikuwa asali, nyama iliyokauka na ngozi. Asali hiyo aliipata kwa kumfuata ndege mlembe, aliyemwita kwa mluzi na kumfuata kutoka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga ulio juu ya mbuyu. Hivyo pombe iliyopikwa kwa heshima ya mzee wa Kidatooga ingeweza kuanzia kwenye mluzi wa mwindaji aliye mbali na Hanang. Juu ya haya iliongezeka chumvi iliyochotwa kwenye kingo za maziwa ya Eyasi na Balangida, na nafaka iliyoshuka kutoka kwa Warangi na Wanyaturu.

Mabadilishano hayo yaliingia mpaka ndani ya nyumba na kinywani. Nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo, imejengwa na Warangi, Wagogo, Wasandawe, Wanyaturu na Wairaqw. Ukiiona kwa mbali huwezi kusema aliyemo anasema lugha gani. Wasandawe, waliokuwa wawindaji, walichukua kilimo na ufugaji kwa majirani lakini wakabaki na lugha yao. Nazo lugha za Kirangi na Kimbugwe huweka kitenzi kikuu mbele ya kitenzi kisaidizi katika baadhi ya kauli za wakati ujao, mpango ambao ni nadra katika lugha za Kibantu za Afrika Mashariki. Wanaisimu kadhaa wameuhusisha na ujirani mrefu na Wakushi.

Karne ya 19 ilipoelekea mwisho mizani ilitikisika. Misafara ya biashara kutoka pwani ilipita Kondoa, ikaleta vitambaa, bunduki, Kiswahili na Uislamu. Warangi wengi waliipokea dini hiyo na Kondoa ikawa mji wa misikiti. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kwa maelfu. Nguvu ya Wamasai ilivunjika, nao Wairaqw, waliobanana Irqwa Da'aw kwa vizazi, wakaanza kuteremka na kutawanyika: kwanza Mbulu, kisha Karatu, Babati na kuuzunguka Hanang. Wajerumani wakaja na maboma yao. Mei 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya van Deventer na lile la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalipigana Kondoa, vita vya watu wa mbali juu ya ardhi ya Warangi. Waingereza wakafuata, wakaandika makabila, wakateua machifu, wakachora wilaya, na mipaka iliyokuwa ikihama pamoja na mvua na malisho ikagandishwa kwenye ramani.

Baada ya uhuru jambo kubwa likawa ardhi. Kondoa ilikuwa imechimbika kwa mmomonyoko. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Mimea ikarudi kwenye makorongo, lakini familia nyingi za Kirangi zilihama na ng'ombe wao, nao wakawa wageni katika nchi za wengine.

Kwa Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatooga, pigo lilitoka kwenye ngano. Kuanzia mwaka 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa Basotu, wilayani Hanang, chini ya shirika la umma la NAFCO, mpaka yakafika kiasi cha hekta 40,000. Yalichukua malisho yaliyo bora kuliko yote, na trekta zililima hata vichuguu vya bung'eda. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua, ikisema kijiji hakikuwa kimegawiwa ardhi hiyo kisheria. Watu waliozika wazee wao pale waliambiwa hawana karatasi ya mahali pale.

Yapo mataifa madogo yaliyokwisha nyamaza. Waaasax, waliowinda kwenye nyika ya Wamasai, waliishi kwa kuwategemea wafugaji mpaka wakasema Kimaa peke yake. Waqwadza, Wakushi wenzao upande wa Dodoma, walimezwa katika karne ya 20. Waalagwa leo wengi wao husema Kirangi pia. Ukiyatazama haya pamoja unaliona somo. Uchache wa watu hauui lugha, wala ujirani hauiui. Wahadza hawazidi sana watu 1,000, wamezungukwa na majirani wenye nguvu tangu zamani, na watoto wao wanasema Kihadza. Wanakisema kwa sababu bado ipo pori ambamo maneno yake yana kazi: kutaja mzizi unaochimbwa, unyayo uliopita alfajiri, ubuyu ulioiva. Mtu akiporwa pori hilo huwa kibarua katika lugha ya aliyemwajiri.

Hatari hiyo ipo sasa. Kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, penye chemchemi za Qangded, vitunguu vimevuta wakulima na wachuuzi kutoka kila pembe ya nchi. Mavuno hupakiwa malori na kufika mpaka Nairobi. Ni soko lenye neema, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mwiraqw, Mdatooga, Mnyiramba na Mchaga mezani. Lakini kila ekari inayolimwa na kila kundi la ng'ombe linalosogezwa katika ukame humpunguzia Mhadza mahali pa kuwinda. Zamani aliingia kwenye mabadilishano akiwa na asali mkononi. Leo anaweza kuingia akiwa mikono mitupu.

Mwaka 2011 lilitokea jambo linalostahili kuandikwa kwa wino mzito. Wahadza wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii yao nzima, juu ya ardhi inayokaribia hekta 20,000. Hati za namna hiyo zilikuwa zikitolewa kwa mtu au familia. Hii ilitambua watu wanaomiliki kwa pamoja na wasiolima wala kujenga uzio. Kile walichokosa Wabarabaig mahakamani mwaka 1985, Wahadza walikipata mezani baada ya mazungumzo na vijiji vya Wairaqw na Wadatooga waliokubali kuweka mipaka. Majirani walitia sahihi.

Hapo ndipo jibu la swali letu. Nchi hii haikuwa na amani ya kudumu wala serikali moja, na bado makundi manne ya lugha yaliishi bila moja kuyafuta mengine, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ardhi ya kusimama na kitu cha kumletea jirani yake. Mwalagwa mwenye Kolo yake alileta mvua, Mhadza mwenye pori lake alileta asali, mhunzi alileta chuma, Mrangi alileta nafaka. Tukiwatafutia watu hawa makumbusho na siku za ngoma huku ardhi yao ikiendelea kukatwa, tutabaki na mavazi. Kazi ya kizazi chetu ni kuwapa Wadatooga, Wasandawe na wengine waliobaki hati kama ile ya Yaeda, wakati wazee wanaoijua mipaka ya kweli bado wapo wa kuionyesha.