Kompyuta Haiuawi na Prosesa

Wasee, swali ninaloulizwa kila wiki ni lile lile: "Ninunue i5 ama i7?" Nami hujibu kwa swali: je, umefungua kava ukaangalia ndani?

Nina sababu. Kompyuta yangu ya kwanza ya kuhariri video niliijenga kwa akiba ya mwaka mzima. Pesa karibu yote ikaenda kwa prosesa na ram. Pawa saplai nikachukua ya bei ya chini kabisa, kwani nani huringa na pawa saplai? Miezi michache baadaye ikalipuka, ikaenda na ubao mkuu. Video ya harusi ya mteja ikachelewa, na pesa zake nikarudisha zote.

Historia ingenionya, ila sikuwa nimeisoma. Kwenye ubao mkuu kuna vikopo vidogo vya alumini, kapasita, vinavyotuliza umeme kabla haujafika kwa prosesa. Ndani yake mna majimaji. Yakichanganywa vibaya yanakula alumini na kutoa gesi. Kikopo kinavimba kichwani, kinavuja, na kompyuta inaanza kujizima-zima hadi ife. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita mbovu ziliua mashine dunia nzima. Lawama nyingi ziliangukia viwanda vya Taiwan, na ushauri wa mtaa ukawa: nunua za Japani tu.

Sasa sikia hii. Nyaraka za kesi moja kule Marekani zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005, Dell iliuza angalau kompyuta milioni 11.8 aina ya OptiPlex zilizokuwa kwenye hatari ya kuharibika. Mwaka 2005 kampuni ikatenga dola milioni 300 kugharamia tatizo hilo. Na kapasita zenyewe zilitoka wapi? Kwa Nichicon, kampuni ya Japani inayoheshimika.

Sisemi OptiPlex za leo ni mbovu. Zimejaa kwenye maduka yetu ya mtumba na nyingi zinapiga kazi poa. Ninachosema ni kwamba jina kubwa halikukulinda wakati huo, na halikulindi leo. Hata nembo ya 80 PLUS kwenye pawa saplai inakwambia tu haipotezi umeme mwingi. Haikuahidi kwamba itadumu.

Kwa hivyo ukienda dukani, mwambie fundi afungue kava mbele yako. Angalia vichwa vya kapasita: viwe bapa, bila uvimbe wala madoa ya kahawia. Iwashe, iache ifanye kazi nzito nusu saa. Dai warranti iliyoandikwa kwenye risiti, si ya mdomo. Na kama bajeti imebana, punguza prosesa, usipunguze pawa saplai. Prosesa ya polepole itakuchelewesha tu. Pawa saplai mbovu itakurudisha sifuri, kama mimi.

Wewe ni kifaa gani kilikuangusha? Niambie hapo chini.