"Visivyo na Sumu": Lebo Inaahidi Nini?

Hina halisi haitoi rangi nyeusi. Majani yake yakisagwa na kukandwa kwa maji na ndimu, huacha ngozini rangi ya chungwa ambayo kesho yake hukolea na kuelekea kahawia. Weusi wa kung'aa unaopendwa na maharusi wengi wa Zanzibar, Lamu na Mombasa hutokana na piko, ambayo mara nyingi ni rangi ya kutia nyweleni yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Wapo wanaochorwa wasipatwe na lolote. Wengine, siku chache baadaye, huota malengelenge yanayofuata mchoro ule ule, ua kwa ua, jani kwa jani.

Je, piko ni sumu?

Jibu linategemea maana ya neno ambalo siku hizi limejaa kwenye makopo ya losheni na midomo ya wauzaji. Kwa Kiingereza huandikwa "non-toxic". Kwa Kiswahili mteja huambiwa ni vipodozi visivyo na sumu, au ni salama, au ni vya asili, au havina kemikali, kana kwamba yote manne ni mamoja.

Mzizi wa neno la Kiingereza ni Kigiriki: "toksikon" ilikuwa sumu ya kupaka mishale. "Sumu" ya Kiswahili, iliyotoka Kiarabu, nayo humjia msikilizaji kama kitu cha kuua, ambacho ama kimo ama hakimo. Wataalamu hawaioni hivyo. Tangu Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, hoja yao ni kiasi. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipendekeza risasi katika rangi za midomo isizidi sehemu 10 kwa kila milioni, kwa kuwa madini hayo huingia kidogo kidogo pamoja na malighafi ya rangi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 nayo inataka kipodozi kiwe salama kinapotumiwa kwa namna ya kawaida au inayotarajiwa. Usalama huo una masharti. "Visivyo na sumu" haitaji sharti lolote.

"Vya asili" ndiyo tafsiri inayopotosha zaidi. Wanja wa manga uliotengenezwa kwa galena hutoka mwambani: ni jiwe la risasi na salfa, linasagwa mpaka linakuwa vumbi laini. Hakuna kiwanda kilichotia kitu, lakini mtoto aliyepakwa akifikicha macho kisha akatia vidole mdomoni, amekula risasi. Karafuu nayo ni ya asili, na yujenoli inayoipa harufu imo katika orodha ya Ulaya ya vinukizi ambavyo lazima vitajwe kwenye lebo kwa sababu huleta mzio. Ama "havina kemikali", hata maji ni kemikali, na krimu yenye maji isiyo na kihifadhi hugeuka makazi ya bakteria na ukungu.

Kwa hiyo yapo maneno matatu ya kutenganisha. Sumu hudhuru mwili wa yeyote, kiasi kikitosha. Mwasho ni ngozi kuchomwa au kukwaruzwa na kitu kikali, kama sabuni nzito. Mzio ni kinga ya mwili ya mtu fulani kukikataa kitu ambacho jirani yake hakimdhuru. Ikishakitambua, hukikataa tena na tena. Malengelenge ya piko kwa kawaida ni mzio, na aliyeyapata anaweza kudhurika tena atakapotia rangi nyweleni miaka kadhaa baadaye.

Sumu hasa ni zebaki ya kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, ambayo huweza pia kuingia katika mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua. Huzuia utengenezaji wa melanini, rangi ya ngozi, huku ikipenya mwilini na kuharibu figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, ulizuia vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata kiwango hicho. Ndiyo maana "havina zebaki" ni kauli yenye uzito: maabara inaweza kuithibitisha au kuikanusha. "Havina sumu" haisemi sumu gani, wala kwa kipimo kipi.

Kwa anayetaka kujaribu kipodozi kipya, madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri apake kidogo mahali pamoja, kama upande wa ndani wa mkono au kwenye kunjo la kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Cha kuoshwa hukaa muda ule ule ambao kingekaa usoni. Ngozi ikiwasha, ikivimba au ikiwa nyekundu, kioshwe na kiachwe. Jaribio hilo hufichua mwasho na mzio tu. Mkono unaweza kubaki laini huku zebaki ikielekea kwenye figo, na kazi ya kuizuia isifike dukani ni ya wakaguzi wa mashirika ya viwango: nchini Kenya KEBS, na Tanzania, tangu mwaka 2019, TBS.