Mtoto wa Mgongoni Alivyogeuka Abiria

Mpaka si zamani sana, mtoto mchanga wa Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, hakuhesabiwa kuwa abiria. Alikuwa mgongoni au mapajani mwa mama yake, halipiwi nauli, jina lake haliandikwi popote, na kondakta akihesabu vichwa alimruka. Leo mtoto huyohuyo akipelekwa uwanja wa ndege anatakiwa awe na tiketi yenye jina lake, cheti chake cha kuzaliwa na, akitoka nje ya nchi, pasipoti yake mwenyewe yenye picha yake. Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mabadiliko haya nimeyaona yakipita mbele ya meza yangu, mama baada ya mama. Yanastahili kuandikwa, maana ni historia ya wanawake na vifurushi vyao, na vifurushi havitunzwi makumbusho.

Kibamba niliyohamia ilikuwa bado ya mikorosho na mihogo. Tulikuwa Wilaya ya Kinondoni, Ubungo haijawa manispaa, na Barabara ya Morogoro ilikuwa nyembamba kiasi kwamba lori likiharibika pale Luguruni, foleni inafika mbali. Wazee wa Kizaramo niliowakuta walikuwa na sharti moja la safari wasilolilegeza: mzazi na mwanawe hawatoki mpaka arobaini itimie. Mtoto alipakwa wanja, akafungwa uzi mweusi mkononi, akakaa ndani. Miaka mingi baadaye nikasoma kanuni za mashirika ya ndege, nikakuta mengi hayampokei mtoto ambaye hajatimiza siku 7, na mengine yanataka wiki mbili au barua ya daktari. Bibi zetu walitaka siku 40, na sababu zao nazijua kwa kazi yangu: kitovu kikauke, kifua cha mtoto kishike, damu ya mama ikatike. Sikuwahi kumcheka mama aliyeniambia bibi amemzuia kusafiri.

Arobaini ikishatimia, kitu cha kwanza kilichotafutwa ni kanga. Doti moja ni vipande viwili. Kimoja mama anajifunga, cha pili ni mbeleko. Huku kwetu kanga nyingi zilitoka Urafiki, kiwanda kile cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kando ya barabara hiihii ya Morogoro. Kanga mpya ina wanga, inateleza, kwa hiyo mama mwenye akili hasafiri na mpya. Anabeba iliyofuliwa ikalainika. Anainama mpaka mgongo unakuwa sawa, anamlaza mtoto kifudifudi juu yake, mkono mmoja unamshika matakoni, mwingine unarusha kitambaa. Pindo la chini linapita chini ya makalio ya mtoto na kukazwa kwanza, kwa sababu hilo ndilo linalobeba uzito. Pindo la juu linapita chini ya kwapa moja na juu ya bega la pili, linafungwa kifuani. Kisha anasimama, anajitingisha mara mbili kumkalisha vizuri, anaondoka. Kitambaa hichohicho kilikuwa shuka usiku, pazia wakati wa kunyonyesha, mkeka wa kubadilishia nepi na taulo la jasho. Katika miaka yote ya kazi sijaona kifaa cha dukani kinachofanya hata nusu ya kazi hizo.

Safari ndefu za zamani zilikuwa za treni. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Tabora kwenda Mwanza likakamilika 1928. Safari ya siku mbili na zaidi na mtoto wa kunyonya ilitaka maandalizi: nepi za kitambaa na pini zake, chupi ya nailoni ya kuvaa juu, ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya nepi chafu, chupa ya chai yenye maji yaliyochemshwa, unga wa uji. Nepi zilifuliwa behewani na kuanikwa kwenye kamba, na hakuna aliyekunja uso, maana behewa zima lilikuwa la watu wenye watoto. Mtoto akilia usiku alipokewa na mama wa benchi la jirani ili mwenzake alale.

Basi lilikuwa gumu zaidi. Watu wa leo hawaamini nikiwaambia kwamba kulikuwa na wakati ambapo basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza lilipita Arusha, likaingia Kenya kwa Namanga, likapita Nairobi na kurudi nchini kwa Sirari, kwa sababu barabara ya katikati haikupitika. Mama alivuka mipaka miwili kwa hati yake ya dharura, na mtoto alivuka ndani ya hati hiyo hiyo, ameandikwa chini ya jina la mama. Mtoto hakuwa na karatasi. Karatasi yake alikuwa mama yake. Hata lami ilipokamilika, mabasi yalikuwa yamezuiwa kutembea usiku, zuio lililodumu kwa takribani miaka 30 hadi 2023, kwa hiyo lazima uondoke alfajiri. Sisi wa Kibamba tuliamka saa tisa usiku, tukaenda nyuma hadi Ubungo, tukapanda basi ambalo saa moja baadaye lilipita mbele ya nyumba zetu. Tangu stendi ya Magufuli ifunguliwe Mbezi Luis mwaka 2021, adha hiyo imetuondokea. Ila njiani mambo ni yaleyale: dereva anasimama porini watu wachimbe dawa, dakika chache tu, na mama mwenye mtoto ndiye anayepanda wa mwisho huku watu wakimpigia kelele. Hilo huwa linaniuma. Mtu amebadilisha nepi kwenye nyasi, kwenye jua, anapigiwa kelele.

Ndege tuliziona zikipita juu. East African Airways, shirika la nchi tatu lililoanzishwa 1946, lilivunjika mwanzoni mwa 1977, na mwezi Machi mwaka huo likazaliwa Shirika la Ndege la Tanzania. Abiria wake wa ndani walikuwa wakubwa wa serikali, wafanyabiashara na wagonjwa wa rufaa. Mtoto mchanga alipanda kwa sababu ya cheo cha baba yake au ubaya wa ugonjwa wake.

Tukio moja la enzi hizo lilinifundisha kufunga begi la mtoto. Tarehe 26 Februari 1982, nikiwa bado mwanafunzi wa uuguzi, Boeing 737 ya shirika letu ilitekwa ikitoka Mwanza kuja Dar es Salaam. Watekaji walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ndege ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, na mwisho Stansted, Uingereza, katika baridi ya Februari, na watekaji wakajisalimisha tarehe 28. Wenzangu bwenini walijadili siasa. Mimi nilifikiria mikoba. Mwendo wa Mwanza na Dar ni wa saa moja na nusu, na kwa saa moja na nusu mama hubeba nepi mbili na kanga moja. Kutekwa ni jambo la nadra mno, lakini ukungu, mvua na hitilafu si nadra, na tangu mwaka ule ushauri wangu kwa kila mama haujabadilika: hesabu nguo, nepi na chakula cha siku nzima, hata kama safari ni ya saa moja.

Ndege zilitushukia sisi watu wa kawaida Novemba 2012, kampuni ya fastjet ilipoanza kuruka Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Ghafla kukaa siku nzima kwenye basi na mtoto kukawa na mbadala. Kampuni ile haikudumu, lakini mazoea yalibaki, na shirika letu lenyewe lilipofufuliwa 2016 kwa ndege mpya za Bombardier, lilikuta abiria wanaosubiri. Hapo ndipo kliniki yangu ilipoanza kuulizwa maswali mapya.

“Shikamoo, sista.”

“Marahaba, mama Neema. Mtoto hajambo?”

“Hajambo. Baba yake amehamishiwa Mwanza, katukatia tiketi ya ndege. Sasa sijui nibebe nini. Na mbeleko wanaruhusu?”

Mbeleko wanaruhusu mpaka mlangoni. Ndani ya ndege mhudumu atakuomba uifungue, na hapa wanawake wengi huona wamevunjiwa heshima, kwa kuwa wanajua hakuna mahali mtoto alipo salama kuliko mgongoni. Wajue sababu. Ukiegemea kiti na mtoto yuko nyuma yako, uzito wako wote uko juu yake. Anatakiwa mapajani, na mashirika mengi humpa mama mkanda mdogo unaopitishwa kwenye mkanda wake mwenyewe. Hata mkanda huo una wapinzani. Marekani hawauruhusu wakati wa kuruka na kutua. Mwaka 1989 ndege ya United, safari namba 232, ilianguka Sioux City huko Iowa ikiwa na watoto wanne wa kupakatwa. Mhudumu mkuu, Jan Brown, aliwaambia wazazi wawalaze watoto sakafuni, kama alivyofundishwa. Mmoja alikufa. Brown alitumia miaka mingi baadaye akidai kila mtoto awe na kiti chake. Naungana naye kwa moyo wote, ingawa najua kwamba kwetu mtoto wa chini ya miaka miwili hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli akipakatwa, na kiti kizima ni fedha ambayo mama Neema hana.

Kanga isiachwe nyumbani hata hivyo. Ndani ya ndege ni baridi, na hewa hupunguzwa ikawa sawa na ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi, kama Njombe na juu zaidi. Masikio yanaziba, hasa ndege inapoteremka. Mtoto hajui kumeza mate kwa makusudi. Mpe ziwa wakati huo, si kabla. Wengi wanamnyonyesha mtoto akashiba wakiwa bado ukumbini, halafu ndege ikianza kushuka anakataa ziwa na kupiga kelele hadi magurudumu yanagusa chini. Anayetumia chupa abakize kidogo. Tangu mwishoni mwa 2006, baada ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa London Agosti mwaka huo, safari nyingi za kimataifa zina kikomo cha mililita 100 kwa vimiminika, lakini maziwa na uji wa mtoto husamehewa. Usishangae ukiambiwa uonje mbele ya askari. Onja.

Mifuko nayo ina historia yake. Nepi chafu na pampasi kwa muda mrefu zilifungwa kwenye rambo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na mama wengi wakabaki wanashangaa uchafu wauweke wapi. Jibu lilikuwa kwa bibi zao: kitambaa kizito, kikifungwa vizuri, kikafuliwa jioni.

Lakini hayo yote yanapatikana hata ukiyasahau. Pampasi utauziwa, maji utapewa, kanga utaazimwa. Kisichoazimwa ni karatasi, na ndiyo iliyopanda cheo kuliko vyote. Juni 2015 Afrika Kusini ilianza kudai cheti kamili cha kuzaliwa kwa kila mtoto anayevuka mpaka wake, ikisema inapambana na wizi wa watoto. Ilikuja kulegeza, lakini dunia ilikuwa imeshaelekea huko. Sisi tukapata pasipoti za kielektroniki Januari 2018, na mtoto anapewa ya kwake, kwa cheti cha kuzaliwa. Kadi ya njano ya homa ya manjano nayo ni yake mwenyewe, na chanjo hutolewa kuanzia miezi 9, kwa hiyo anayepanga safari ya nje ahesabu miezi.

Nimewaona akina mama wamerudishwa kaunta, mtoto kalala begani, begi limepangwa vizuri kuliko ningelipanga mimi, na mkononi wana kadi ya kliniki tu. Kadi ile nimeijaza kwa mkono wangu, naiheshimu, ina uzito wa mtoto na chanjo zake. Si uthibitisho wa uraia wala wa mzazi. Naumia zaidi kwa sababu cheti chenyewe kimesogezwa karibu: RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, ilianza mwaka 2013 huko Mbeya kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na mpango huo umeenea mikoa mingine. Wazazi wengi bado wanangoja shule idai, au tiketi ikatwe.

Siku hizi kutoka Kibamba hadi uwanja wa ndege huna haja ya kuzunguka mjini. Unakata Mbezi, Malamba Mawili, Kinyerezi, unatokea Banana. Jengo la tatu, lililofunguliwa Agosti 2019, linampokea mtoto wako kama mtu kamili mwenye jina. Mpe jina hilo kwenye karatasi mapema. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90; arobaini ikitimia, umebakiwa na siku 50. Nenda wakati huo.