Parokia Moja, Nchi Mbili

Anayetoka mji mdogo wa Clones nchini Ireland kwenda Cavan kwa barabara huvuka mpaka wa nchi mara nne katika kilomita kama 10. Hakuna kizuizi wala askari. Kinachobadilika ni vibao vya mwendo: vya kilomita vinakuwa vya maili, kisha vya kilomita tena. Katikati ya njia hiyo liko eneo la Drummully, kipande cha kaunti ya Monaghan katika Jamhuri ya Ireland, lililozungukwa karibu pande zote na kaunti ya Fermanagh ya Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza. Mkazi wa Drummully akitaka kwenda kwa gari kwenye makao makuu ya kaunti yake mwenyewe, hana budi kupita katika nchi nyingine.

Mpaka huo wa kilomita karibu 500 una umri wa karne moja na kidogo. Mwaka 1920 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuigawa Ireland, na Mei 1921 kaunti 6 kati ya 9 za jimbo la kale la Ulster zikawa Ireland ya Kaskazini. Cavan, Donegal na Monaghan zikabaki upande wa kusini. Hakuna aliyekwenda mashambani kupima. Mistari ya kaunti iliyokuwepo tangu zamani kwa ajili ya mahakama na kodi ndiyo iliyogeuzwa kuwa mpaka wa nchi, pamoja na kona zake zote zilizopita katikati ya mashamba.

Iliundwa tume ya kuurekebisha chini ya Jaji Richard Feetham kutoka Afrika Kusini. Wanaoijua historia ya Nairobi watalitambua jina hilo. Ndiye aliyekuja Kenya mwaka 1926 kuongoza tume ya serikali za mitaa, na taarifa yake ya mwaka 1927 iliimarisha nafasi ya Wazungu katika baraza la mji. Huko Ireland kazi yake haikutekelezwa. Novemba 1925 gazeti moja la London lilichapisha habari za siri za tume, zikazuka ghadhabu, na mwezi uliofuata serikali za London, Dublin na Belfast zikakubaliana kuuacha mpaka kama ulivyokuwa. Taarifa ikafungiwa, na umma haukuisoma hadi mwaka 1969.

Wakati huo forodha ilikuwa imekwisha kuwekwa, tangu Aprili 1923. Mkulima wa Fermanagh aliyezoea kuuza siagi yake Clones, mwendo mfupi kwa mkokoteni, akakuta soko lake liko ng'ambo ya ushuru.

Lakini kuna ramani ambazo serikali hazikuzigusa. Majimbo ya kanisa nchini Ireland yalipangwa kwa sehemu kubwa katika sinodi ya Ráth Breasail mwaka 1111, miaka 800 na zaidi kabla ya mpaka kuwapo. Jimbo la Clogher linachukua Monaghan, sehemu kubwa ya Fermanagh, na vipande vya Tyrone na Donegal. Hali ni hiyo kwa Wakatoliki, na ni hiyo kwa Waanglikana. Askofu Mkatoliki ana kanisa kuu lake mjini Monaghan, kusini, na waumini wake wengi wanaishi kaskazini. Mapadri, wazee wa kanisa, vitabu vya ubatizo na vya ndoa, vyote viliendelea kuvuka mpaka.

Ndani ya ramani hiyo ya kale ndimo wapenda historia walimopata pa kukutania. Mwaka 1953 kilianzishwa Clogher Historical Society, chama cha historia cha jimbo la Clogher, pamoja na jarida lake, Clogher Record. Eneo lake la kazi lilikuwa jimbo zima. Kwa hiyo mwalimu wa shule wa Fermanagh na mwenye duka wa Monaghan walikuwa wanachama wa chama kimoja bila mmoja kuhesabiwa mgeni wa mwenzake. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika habari hii. Chama ambacho kingejitangaza kuwa cha kuunganisha pande mbili kingewafukuza nusu ya watu kabla ya mkutano wa kwanza. Hiki kiliomba watu waje kuzungumzia parokia zao.

Matunda yake makubwa yanaonekana kwa Padri Peadar Livingstone, ambaye alitoa The Fermanagh Story mwaka 1969 na The Monaghan Story mwaka 1980. Mtu mmoja aliandika historia ya kaunti mbili zilizo pande mbili za mpaka, na kati ya kitabu cha kwanza na cha pili mapigano ya Ireland ya Kaskazini yalikuwa yakiendelea, na barabara baina ya kaunti hizo zikifungwa kwa mabomu na vyuma. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 vyama vidogo vya Ulster viliunda shirikisho lao, Federation for Ulster Local Studies, likikusanya kaunti zote 9. Moja ya vita vyake ilikuwa ya kuokoa majina ya vitongoji. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vipande vya ardhi vyenye majina ambayo mengi yana asili ya Kigaeli, vingi vikiwa na umri mkubwa kuliko kaunti zenyewe. Posta ya Ireland ya Kaskazini ilipotaka anwani za namba na barabara, majina hayo yalianza kutoweka kwenye bahasha. Fermanagh ilishikilia ya kwake, na hadi leo mtu huko hujitambulisha kwa kitongoji chake.

Kazi yenyewe ya vikundi hivi ni ya taratibu. Jumamosi hukutana kwenye makaburi ya zamani, wakaondoa kuvu kwa uangalifu na kunakili maandishi ya mawe. Kwenye kisiwa cha Galloon katika ziwa Erne, upande wa Fermanagh, kuna mawe ya karne ya 18 yaliyochongwa fuvu la kichwa, mifupa miwili iliyopishana, jeneza, kengele na kipimasaa cha mchanga. Nenda Clones, upande wa Monaghan, kwenye makaburi yaliyo karibu na mnara mrefu wa mviringo uliojengwa na watawa wa kale, utakuta mafuvu yaleyale na kengele zilezile. Mafundi walifuata wateja, na wateja walikuwa majirani. Katika makaburi ya zamani namna hiyo Wakatoliki na Waprotestanti wamelala pamoja, kwa kuwa mara nyingi ardhi ya kuzikia iliyotakaswa na watakatifu wa kale ilikuwa moja kwa wote.

Mahali panapowavuta wengi zaidi ni boma la udongo linaloitwa Handaki la Nguruwe Mweusi. Vipande vyake vinaonekana Leitrim, Cavan, Fermanagh na Monaghan, na boma la Dorsey kusini mwa Armagh huhesabiwa katika ukoo huohuo. Wazee husimulia kwamba palikuwa na mwalimu mchawi aliyewageuza wanafunzi wake kuwa sungura na mbwa wa kuwinda. Mzazi mmoja akakinyakua kitabu chake cha uganga na kukitupa motoni, na mwalimu akageuka nguruwe mweusi, akatimua mbio kuvuka nchi huku pua yake ikifukua ardhi. Hadithi hiyo husimuliwa pande zote mbili, na kila kijiji kinajua nguruwe alipitia shamba la nani.

Mwaka 1982 mwanaakiolojia Aidan Walsh alichimba kipande kimoja karibu na Scotshouse, kilomita chache kutoka Clones. Alikuta matuta mawili na mahandaki, pamoja na alama za ukuta wa magogo ulioteketea. Makaa yake yalipopimwa yalionyesha kipindi kati ya mwaka 390 na 70 KK. Kumbe watu wa Enzi ya Chuma waliweka ngome hapa, katika nchi ya vilima vidogo na vinamasi, labda kuzuia ng'ombe wao wasiibwe.

Sasa jaribu kufikiria handaki hilo lilivyosomwa na watu wa karne ya 20. Ni mstari wa kale unaopita karibu na mpaka mpya! Wapo waliofurahi kusema Ulster imejitenga na sehemu nyingine za Ireland tangu kabla ya Kristo. Watembeaji wa vikundi vya historia, waliolifuata boma hilo shamba kwa shamba, wanajua kwamba ushahidi hausemi hivyo. Handaki limekatikakatika, halikujengwa siku moja, na haliufuati mpaka wa 1921. Linapita ndani kabisa ya Monaghan na Cavan, kaunti ambazo ziko kusini. Napenda kwamba jibu hili linatolewa na watu waliovaa buti za mvua, wakionyesha kwa kidole mahali tuta linapoishia.

Kumbukumbu za karatasi zina simulizi chungu zaidi. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland, hazina ya nyaraka ya taifa iliyokuwa katika majengo ya Four Courts, Dublin, iliteketea pamoja na maandishi ya karne saba. Hasara ilikuwa ya kisiwa kizima, maana Fermanagh na Antrim nazo zilikuwa zikipeleka vitabu vyao huko. Mwaka 1923 Belfast ikaanzisha ofisi yake ya nyaraka, na mkuu wake wa kwanza, D. A. Chart, aliyewahi kufanya kazi katika hazina hiyo ya Dublin, akaanza kukusanya nakala kutoka kwa mawakili na familia. Mradi ulioongozwa na Trinity College Dublin umezikusanya nakala kama hizo kutoka kaskazini, kusini na ng'ambo ya bahari, na tangu Juni 2022 mtu yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye intaneti.

Upo pia urithi ambao si rahisi kuutembelea pamoja. Kijiji cha Pettigo kimekatwa na mto Termon, upande mmoja Donegal, wa pili Fermanagh. Juni 1922 jeshi la Uingereza lilikipiga kwa mizinga, na sanamu ya mpiganaji mwenye bunduki inawakumbuka waliokufa wakikilinda. Kwa familia nyingine za hapo mtu huyo huyo alikuwa tishio. Baadaye, katika ile miaka ya mapigano ya kaskazini iliyoua watu zaidi ya 3,500, daraja la Aghalane kati ya Fermanagh na Cavan lililipuliwa na wanamgambo wanaounga mkono Uingereza mwaka 1972. Jipya lilifunguliwa mwaka 1999, likapewa jina la George Mitchell, aliyeongoza mazungumzo ya amani. Vikundi vya historia husimama kwenye daraja hilo na kueleza tarehe zote mbili. Kuhusu waliouawa mashambani, wengi huacha familia zizungumze zenyewe, zikiwa tayari. Naiona heshima katika kungoja huko.

Fedha za Umoja wa Ulaya kwa ajili ya amani, zilizoanza kutolewa mwaka 1995, zimesaidia. Maji nayo yamefungua njia. Mfereji wa Ulster, uliomalizika mwaka 1841 na kuachwa mwaka 1931, unafukuliwa upya kwa awamu, na mwaka 2024 kipande cha Clones kilifunguliwa.

Kazi inayozisumbua familia za mpakani sasa ni ya sensa. Ile ya mwaka 1911, ya mwisho kabla ya mgawanyo, iko wazi kwa kisiwa chote, fomu nyingi zikiwa zimejazwa kwa mwandiko wa mwenye nyumba. Iliyofuata ilifanywa usiku mmoja pande zote mbili, tarehe 18 Aprili 1926. Fomu za kusini zilihifadhiwa, na sheria ya miaka 100 iliweka ufunguzi wake Aprili 2026. Za kaskazini ziliharibiwa, yaaminika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo mjukuu wa Fermanagh anayetaka kujua ukoo wake uliishije baada ya mpaka kuwekwa itambidi avuke, akaanze na binamu, mashangazi na majirani walioandikwa usiku ule Clones, Belturbet na Pettigo.