Dola 1,000 kwa Wiki: Mkataba Uliomtajirisha Desi Arnaz

Mwaka 1951 Desi Arnaz na mkewe, Lucille Ball, walikubali kukatwa dola 1,000 kwenye malipo yao ya kila wiki. Kwa wakubwa wa shirika la televisheni la CBS hiyo ilikuwa nafuu, maana walichodai wanandoa hao badala yake kilionekana hakina thamani: mikanda ya filamu ya kipindi chao, ikishamaliza kurushwa hewani, iwe mali ya kampuni yao. Siku zile nani angekaa kutazama tena kipindi alichokwisha kukiona? CBS wakasaini. Haikupita miaka 6, wakarudi kuinunua mikanda ileile kwa mamilioni ya dola, na fedha hizo zikasaidia kununua studio nzima ya Hollywood.

Kipindi chenyewe ni *I Love Lucy*. Dunia inamkumbuka Lucille, na ana haki ya kukumbukwa hivyo, kwani wachekeshaji wa kiwango chake ni wachache mno. Mumewe amebaki kwenye kumbukumbu za watu kama yule Mkuba mwenye lafudhi nzito anayemfokea mkewe kwa Kihispania. Naona amepunjwa. Katika historia ya watayarishaji wa televisheni ni wachache walioielewa mapema kama yeye tofauti ya kulipwa kwa kazi na kuimiliki kazi yenyewe.

Alizaliwa Santiago de Cuba tarehe 2 Machi 1917, katika nyumba isiyojua shida. Baba yake alikuwa meya wa mji huo na baadaye mbunge. Agosti 1933 utawala wa Rais Gerardo Machado ulipoangushwa, familia ikapoteza nyumba, ardhi na mifugo, na baba akatiwa gerezani. Alipoachiwa walihamia Miami, na kijana aliyezoea kuhudumiwa akajikuta akisafisha vizimba vya ndege ili apate chakula. Siwezi kuingia moyoni mwa mtu, lakini nadhani aliyeshuhudia mali ya ukoo ikiyeyuka kwa siku chache hawezi kuichukulia karatasi ya umiliki kama jambo dogo.

Muziki ndio uliomwinua. Aliimba katika bendi ya Xavier Cugat, akaanzisha ya kwake, akawa miongoni mwa walioipa umaarufu ngoma ya konga huko Miami. Mwaka 1939 alikuwa jukwaani Broadway katika *Too Many Girls*. Mwaka uliofuata mchezo huo ulipotengenezwa kuwa filamu katika studio za RKO, ndipo alipokutana na Lucille, aliyekuwa mwigizaji wa mkataba hapo. Walioana Novemba 1940.

Miaka kumi ya mwanzo ya ndoa yao ilikuwa ya kupishana: mume yuko safarini na bendi, mke yuko studio. Kuanzia 1948 Lucille alikuwa na kipindi cha redio, *My Favorite Husband*, na CBS walipotaka kukihamishia kwenye televisheni alitoa sharti moja, kwamba mume wa kwenye kipindi awe mume wake wa nyumbani. CBS wakasita, wakihofia kuwa watazamaji wa Kimarekani wasingekubali mwanamke kama yeye awe na mume Mkuba. Mwaka 1950 wanandoa hao wakazunguka majukwaani na onyesho lao wenyewe, na watu wakacheka mpaka wakubwa wakaishiwa hoja. Ndipo walipounganisha majina yao na kuanzisha kampuni: Desilu.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ulioleta utajiri wote. Televisheni ya Marekani wakati huo ilifanyika zaidi New York, na vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja. Watazamaji wa mikoa ya mbali walipata nakala iliyorekodiwa kwa kuielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, na picha ikatoka yenye ukungu kama inayoonekana kupitia chandarua. Wadhamini wa kipindi, kampuni ya sigara ya Philip Morris, walitaka kifanyike New York ili wateja wao wa mashariki waone picha safi. Desi na Lucille hawakutaka kuondoka California, na Lucille alijifungua binti yao Julai 1951. Desi akapendekeza kipindi kipigwe kwenye filamu ya milimita 35, kama sinema, ili Boston na Los Angeles zipate picha sawa.

Filamu ilikuwa na gharama kubwa kuliko matangazo ya moja kwa moja. CBS na mdhamini walikubali kuongeza fedha, lakini wakataka wanandoa nao wapunguze malipo yao ili kuziba pengo. Desi akakubali, kwa sharti la mikanda. Mtu mwingine angegombania zile dola 1,000, na kwa hesabu ya wiki ile angeonekana mjanja.

Utekelezaji wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Desi alitaka kipindi kichezwe mbele ya watazamaji wapatao 300, kwa sababu Lucille alichanua akisikia watu wanacheka, na wakati huohuo alitaka ubora wa sinema. Kwa kawaida sinema hupigwa kwa kamera moja, kipande kwa kipande, na taa husogezwa kila mara. Akamfuata Karl Freund, mpiga picha mzaliwa wa himaya ya Austria na Hungaria aliyepiga *Metropolis* huko Ujerumani, kisha akashinda Oscar Marekani kwa *The Good Earth*. Freund alining'iniza taa juu, ili sakafu ibaki wazi kwa kamera tatu zinazotembea kwa magurudumu, akafanya mandhari ipakwe rangi za kijivu za viwango mbalimbali ili nyeusi na nyeupe zisigombane machoni. Kamera moja ilichukua picha ya jumla na mbili zikawafuata waigizaji kwa karibu. Chumba cha uhariri nacho kilihitaji mashine ya kuonyesha mikanda yote mitatu kwa pamoja, na wahariri wakaibandika jina la zimwi lenye vichwa vitatu. Kamera tatu zilikuwa zimeshajaribiwa na wengine kabla yao, na katika kikosi chake alikuwamo Al Simon aliyewahi kuzitumia. Desi ndiye aliyeviunganisha vyote: filamu, kamera nyingi, vicheko vya watu halisi, na umiliki.

Kipindi kilianza Jumatatu ya tarehe 15 Oktoba 1951, saa 3 usiku. Kufikia mwanzoni mwa 1953 kilikuwa kimeishika nchi. Lucille alipopata mimba, ujauzito wake ukaandikwa ndani ya hadithi, jambo ambalo televisheni ililiogopa kiasi kwamba hata kulitamka kulisumbua. Usiku wa tarehe 19 Januari 1953 mtoto wa kwenye kipindi alizaliwa siku moja na mtoto wao halisi, na watu wapatao milioni 44 walikuwa mbele ya televisheni. Kesho yake Dwight Eisenhower aliapishwa kuwa rais mbele ya watazamaji wachache kuliko hao. Mwezi uliofuata Philip Morris walisaini mkataba wa dola milioni 8, mkubwa kuliko wowote uliowahi kusainiwa katika televisheni hadi hapo.

Lakini mimba hiyo ilifundisha jambo jingine lenye fedha zaidi. Lucille hakuweza kufanya kazi mfululizo, hivyo vipindi vya nyuma vikarushwa tena kuziba nafasi, na watu wakavitazama bila kulalamika. Mikanda iliyodhaniwa imekwisha kazi ikawa bidhaa, na mwenye bidhaa alikuwa Desilu.

Wanaofuatilia filamu za Bongo wanalifahamu suala hili kwa upande wake mchungu. Kwa miaka mingi mtayarishaji wa Dar es Salaam alimaliza filamu, akaipeleka kwa msambazaji Kariakoo, akalipwa mara moja na kuacha haki zote palepale. Nakala ziuzwe chache au nyingi, yeye chake kilishakwisha. Hakuwa mjinga, alikuwa na madeni ya kamera na waigizaji wanaosubiri posho. Desi alikuwa na bahati ya kuwa na mke ambaye CBS hawakuwa tayari kumkosa, na nguvu hiyo aliitumia kudai kilicho cha kudumu.

Mwaka 1957, mwaka *I Love Lucy* ilipofikisha vipindi 180, CBS walikuwa wamezinunua haki za mikanda kwa kiasi kinachokaribia dola milioni 5. Mwishoni mwa mwaka huo Desilu ikanunua studio za RKO kwa dola zaidi ya milioni 6. Ni RKO ileile ambako wawili hao walikutana wakiwa waajiriwa. Sasa walikuwa na majumba ya kurekodia zaidi ya 30, pamoja na kiwanja cha Culver City ilikopigwa *Gone with the Wind*. Walitengeneza vyao, kama *The Untouchables* ya 1959, na wakawakodisha wengine nafasi na mafundi. Hisa za Desilu zikaanza kuuzwa kwa umma mwaka 1958.

Ndoa haikustahimili. Ulevi wa Desi, kamari na wanawake vilimaliza kilichobaki, na wakaachana 1960. Mwaka 1962 alimuuzia Lucille sehemu yake kwa karibu dola milioni 3, akaenda kufuga farasi. Lucille akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni Marekani, na chini yake ndipo zilipozaliwa *Star Trek* na *Mission: Impossible*, zote za 1966, zote za gharama iliyowatisha baadhi ya wakurugenzi wake. Mwaka 1967 aliiuza Desilu kwa kampuni ya Gulf+Western kwa dola milioni 17, ikaunganishwa na Paramount.

Desi alifariki Del Mar, California, Desemba 1986. Mwaka 2012 CBS ilisema *I Love Lucy* bado inaiingizia takriban dola milioni 20 kwa mwaka, na wapo wanaomlaumu kwa kuuza mapema. Siungani nao. Bila fedha za mauzo yale studio za RKO zisingepatikana kwa urahisi, na bila RKO Lucille asingekuwa na pa kutengenezea vipindi vilivyomtajirisha baadaye. Wanaomlaumu wanahesabu marudio ya miaka 60 ambayo mwaka 1957 hakuna mfanyabiashara yeyote wa televisheni aliyeyaona, na aliyeikaribia hesabu hiyo kuliko wote ni yeye mwenyewe.